Mazingaombwe kwa Lanchi ya Chama: Ile Thao ya Mweka Hazina Ilienda Wapi?

Disemba huku Ndalu iko na mambo mawili tu. Mahindi imeshatoka shambani, na chama zinagawa pesa. Hiyo siku ya kugawa ndio lanchi.

Kwa wale walizaliwa na M-Pesa mkononi, chama inaenda hivi. Wamama 20, kila mmoja anatoa soo tano kila wiki. Hiyo ni ngiri kumi, anachukua mmoja. Wiki ijayo mwingine, mpaka zamu iishe. Zingine hukopeshana kwa riba, halafu mwisho wa mwaka kila mtu anapata kulingana na vile aliweka. Kwa hivyo hapo kwa hema unapata ingokho, ugali, chapo za kuhesabiwa, soda, na mwaka mzima wa jasho ndani ya bahasha.

Kawaida burudani ni spika na emsii mwenye kelele. Mwaka huo chama ya kukhu wangu ikaita msee wa mazingaombwe kutoka Kitale.

Jamaa akaomba noti ya thao. Mweka hazina akatoa shingo upande. Akaikunja, akaisukuma ndani ya ngumi, akapuliza, akafungua mkono. Wapi! Hema ikanyamaza. Mathe mmoja akaanza kukemea mapepo, wengine wawili wakabeba sahani wakaenda kumalizia nje. Kisha jamaa akapasua chapati, noti ikachomoka. Nusu ya watu walipiga makofi, nusu hawakutaka tena hiyo chapati.

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na hiyo ndio kiti mbaya kwa mazingaombwe. Kuna kidole gumba bandia, ya plastiki, rangi ya ngozi. Noti inaingia ndani ya hiyo kitu ikiwa kwa ngumi, kisha inavaliwa. Unaona mkono mtupu juu hakuna mtu huhesabu gumba. Na ya chapati? Noti nyingine ilikuwa kwa vidole vyake kabla hajaigusa. Akipasua, anaisukuma ndani. Macho yako yako wapi? Kwa uso wake, juu amekuangalia na kukuuliza jina. Hapo ndio kazi yote iko.

Hii kitu ya kuogopesha watu si ya jana. Mwaka wa 1856 Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, msee wao wa kiinimacho, mpaka Aljeria, akawaonyeshe wenyeji kwamba Mfaransa ako na nguvu kuliko mashehe wao. Alikuwa na kasanduku. Mtoto anakainua, kisha mwanaume mwenye misuli anakashindwa. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Serikali nzima, buda, ikitumia swichi.

Na kwa sheria ya Kenya ya uchawi, ya 1925, kujifanya uko na nguvu za uchawi ni kosa, na kumshtaki jirani yako kuwa mchawi pia inaweza kukuweka ndani. Msee wa mazingaombwe mwenye anasema ni mchezo hana shida. Mwenye anasema ni kweli ndio wa kuogopa.

Juu ujanja ni ule ule kwa pata potea hapo stendi. Jamaa anashika karata mbili kwa mkono mmoja, wewe unadhani anaangusha ya chini, kumbe ameachilia ya juu. Yule "mteja" ameshinda soo tano mbele yako ni wa kwao. Wash-wash pia: karatasi nyeusi, dawa kwa beseni, dola moja safi inatoka. Hiyo dola ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, zile zingine ni karatasi tu. Na hawa watu wanajua vizuri wiki gani wamama wanatoka kwa lanchi na bahasha.

Nilimweleza kukhu haya yote tukitembea kurudi nyumbani. Akasikiza mpaka mwisho, akaniuliza kama hiyo gumba inauzwa pesa ngapi.

Kisha akasimama kando ya barabara, akafungua leso, akahesabu pesa yake mara tatu.