Ekari, heka, hekta: shamba lako ni kubwa kiasi gani?

Kila msimu hapa Kasulu, na Kibondo vilevile, nakutana na swali hili: "Afisa, nimelima heka mbili, nimenunua mbegu ya heka mbili, mbona imebaki?" Mara nyingi tatizo si mbegu. Ni hilo neno.

Ekari tumeitoa kwenye neno la Kiingereza acre. Zamani halikuwa kipimo kabisa, lilimaanisha shamba tu, liwe kubwa au dogo. Ni ndugu wa neno la Kilatini ager, ambalo ndilo limo ndani ya agriculture. Baadaye likawa na maana ya kazi: eneo ambalo ng'ombe wa plau wanalimaliza kwa siku moja. Ndiyo maana ekari yao ilikuwa ndefu na nyembamba, yadi 220 kwa 22, kwa sababu kugeuza ng'ombe kunachosha. (Ingepimwa kwa jembe letu la mkono, sijui ingekuwa na ukubwa gani!) Mwishowe ikawekwa kisheria: yadi za mraba 4,840, yaani mita za mraba 4,047 hivi.

Sasa njoo kwenye hatua zetu 70 kwa 70. Zidisha, unapata 4,900, karibu sawa na zile yadi 4,840. Maana yake hesabu inakubali tu kama kila hatua yako ni yadi moja, sentimita 91. Nani anatembea hivyo juu ya matuta? Ukipiga hatua ya sentimita 75, hatua 70 ni mita 52 na nusu, na "ekari" yako ina mita za mraba 2,756. Karibu theluthi nzima haipo.

Mimi mwenyewe yalinikuta nilipotoka chuo. Nilikodi ekari mbili za mahindi, mwenye shamba akapima kwa hatua, nami namfuata nyuma nahesabu. Nilipokuja na tepu nikakuta mita 105 kwa 53, haifiki hata ekari moja na nusu. Kodi ya ekari mbili nilishalipa. Mzee hakuniibia, miguu yake tu ni mifupi.

Halafu kuna hekta, neno la Wafaransa la mwaka 1795, mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Mtaani tunasema "heka" tukimaanisha ekari, lakini vijitabu vingi vya mbolea vinaandika kwa hekta. Tuseme kimeandikwa kilo 125 kwa hekta. Kwa ekari ni mfuko mmoja wa kilo 50. Ukisoma hekta kama heka, unamwaga mifuko miwili na nusu kwenye ekari moja, na pesa ya mfuko mmoja na nusu imekwenda.

Ukipima kwa tepu, mita 70 kwa 58 inatosha ekari. Ya kwangu ina mita 50, iko ofisini. Anayetaka kupima kabla hajalipa kodi aje aichukue asubuhi, airudishe jioni.