Ulimwengu Unasukumwa na Nini?

Mwaka wa 1927 Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka: makundi makubwa ya nyota yanazidi kuachana, kama madoa juu ya mpira unaopulizwa. Wenye elimu wengi walidhani kwamba nguvu ya uvutano itaipunguza mbio ile polepole. Lakini mwaka wa 1998 vikundi viwili vilipima nuru ya nyota za mbali zilizopasuka, vikaona kinyume: mbio inaongezeka.

Sababu yake ni nini? Majibu ni mawili. La kwanza: anga tupu lenyewe lina nguvu inayosukuma. Padri Lemaître aliandika jambo la namna hiyo tangu mwaka wa 1934. Siku hizi huitwa nguvu ya giza. Jina hilo lisitutishe: giza hapa si Shetani, ni kusema tu kwamba asili yake haijajulikana. Jibu la pili: hakuna nguvu mpya, bali kanuni ya uvutano aliyoitoa Einstein mwaka wa 1915 haitoshi kwa umbali mkubwa mno, nayo yapaswa kusahihishwa.

Shauri hili haliamuliwi kwa mabishano, lazima kupima. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani, ikisaidiwa na ule wa Italia, ilipata mawimbi ya uvutano kutoka nyota mbili nzito zilizogongana. Mawimbi hayo yalisafiri miaka milioni 130 hivi, na nuru ya kwanza ya mgongano ule ikafika sekunde 1.7 tu nyuma yake. Basi mbio zao ni sawa. Lakini nadharia nyingi za jibu la pili zilidai kwamba haziwi sawa, hizo zilianguka. Nyingine zimesalia.

Jibu la kwanza nalo linajaribiwa. Chombo kiitwacho DESI, huko Arizona, kimepima mamilioni ya makundi ya nyota. Hesabu zake za mwaka wa 2024 na 2025, zikiunganishwa na vipimo vingine, zaonyesha dalili, si hakika bado, kwamba nguvu ya giza hubadilika kwa kadiri ya wakati.

Nasi tujifunze nini? Padri Lemaître hakutaka elimu yake ifanywe ushuhuda wa imani, wala silaha ya kuipiga. Anayehubiri Muumba kwa kuegemea nadharia ya leo, kesho nadharia ikianguka, waamini watadhani Muumba naye ameanguka. Kanuni yoyote itakayoshinda, itabaki kanuni ya kitu kilichoumbwa.