Marekani ukifeli darasani, mechi unaitazama jukwaani

APRILI 2014, Chuo Kikuu cha Connecticut kilibeba ndoo ya mpira wa kikapu wa vyuo Marekani kwa kuichapa Kentucky 60-54. Ndicho chuo alichochezea Mtanzania Hasheem Thabeet kabla ya kuchaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009.

Lakini msimu mmoja tu nyuma, timu hiyo ilikuwa imefungiwa mashindano hayo. Hakuna aliyepanga matokeo wala kutumia dawa. Ishu ilikuwa vitabu.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kina msimamo wake wa masomo. Kila muhula, mchezaji anaiingizia timu pointi mbili: moja kwa kubaki chuoni, nyingine kwa kufaulu kiasi cha kuruhusiwa kucheza. Hesabu ya miaka kadhaa ikishuka chini ya 930 kati ya 1,000, timu inakatwa mashindano ya mwisho wa msimu. Connecticut iliponzwa na alama za miaka ya nyuma, hivyo madogo wa 2013 wakalipa deni walilorithi kwa kaka zao.

PENALTI MOJA HAITOSHI

Kwa mchezaji mmoja mmoja, mchujo unaanza kabla hajafika chuoni. Mwaka 1986 ilianza Kanuni ya 48, iliyomtaka anayetoka sekondari awe na wastani wa 2.0 na apate angalau 700 kati ya 1,600 kwenye mtihani wa SAT, au alama zinazolingana kwenye ACT. Akikosa, mwaka wa kwanza hachezi.

Vijana weusi ndio walioumia zaidi. Mwaka 1989 NCAA ilipotaka kuwanyima hata ufadhili wa michezo waliokwama, kocha John Thompson wa Georgetown, mtu mweusi wa kwanza kuutwaa ubingwa huo kama kocha mkuu, aligoma. Januari 14, kabla ya mechi na Boston College, alitoka uwanjani na kuiacha timu kwa wasaidizi wake. Baadaye kanuni ikalegezwa.

Hoja ya wapinzani ilikuwa nyepesi kueleweka: kumpima mwanafunzi kwa mtihani wa asubuhi moja ni sawa na kumsajili straika kwa kumwangalia akipiga penalti moja. Ilichukua miaka mingi, lakini Januari 2023 NCAA iliondoa kabisa sharti la SAT na ACT kwa wanaoanza.

MTIHANI UMEONDOKA, KAZI IMEBAKI

Wengi waliosikia habari hiyo wanaweza kudhani njia sasa ni nyeupe. Wapi! Anayetaka kucheza Daraja la Kwanza bado anatakiwa kuwa na masomo 16 ya msingi, yakiwemo Kiingereza, hesabu na sayansi, kwa wastani wa 2.3 kati ya 4.0. Daraja la Pili ni 2.2. Alama hizo zinakusanywa tangu mwanzo wa sekondari, kwa hiyo dogo anayeshtuka mwaka wa mwisho ni kama timu inayoanza kushambulia dakika ya 80 ikiwa nyuma mabao matatu.

Akishaingia chuoni, kibarua kinaendelea. Daraja la Kwanza, mwisho wa mwaka wa pili awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa tatu 60, wa nne 80. Akipungukiwa, jezi inabaki kabatini hata kama ndiye kinara wa mabao.

Soka nalo limo humo humo, wanaume kwa wanawake. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayeota ufadhili wa huko, matokeo yake ya sekondari yatapekuliwa vile vile. Video ya chenga na mabao inamvuta kocha apige simu, ila haimjazii mtu alama za hesabu. Kocha wa mtaani anayemtoa dogo darasani ili awahi mazoezi, ajue na hilo.