Mgongo Unaokakamaa Asubuhi Si Uvivu

Kila msimu wa kununua mazao, makatibu wa vyama vya msingi huletewa malalamiko ambayo si mageni. Mwanachama kijana, au mtumishi wa ghala, hufika kwenye mizani amechelewa. Hutembea ameinama huku amejishika kiuno, na gunia la kwanza humshinda. Ifikapo saa 4 asubuhi mtu huyo huyo huonekana akifanya kazi sawa na wenzake na kutaniana nao. Hapo watu hutikisa vichwa na kusema kuwa huyu si mgonjwa, ila ni mvivu wa asubuhi. Pengine hata kamati hushauriwa imwondoe kazini.

Makala hii inawaomba wanachama wasiharakishe kutoa hukumu hiyo. Mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea kwa kazi ni dalili ya ugonjwa unaojulikana vema na madaktari. Jina lake la kitaalamu ni ankilosingi spondilaitisi. Sisi hapa tutauita yabisi ya uti wa mgongo.

UGONJWA WENYEWE

Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa kano. Upande wa chini uti huo umeungana na mifupa ya nyonga kwa viungo viwili, kulia na kushoto. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mahali kano zinaposhikamana na mfupa huvimba na kuwaka. Aghalabu uvimbe huo huanzia katika viungo vile viwili vya chini, kisha hupanda. Miaka ikipita bila matibabu, mfupa mpya waweza kuota baina ya pingili na kuziunganisha, hata mgongo ukawa kama ufito usiokunjika. Si kila mgonjwa hufikia hali hiyo, na anayetibiwa mapema ana nafuu kubwa.

Yafaa ieleweke kwamba ugonjwa huu hauletwi na kazi nzito, wala baridi, wala hasadi ya jirani, na hauambukizi. Urithi una sehemu yake. Mwaka 1973 wataalamu wa London na Los Angeles walionyesha kuwa wagonjwa wengi wa huko walikuwa na alama ya kurithi katika damu iitwayo HLA-B27. Alama hiyo ni adimu kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, na ugonjwa wenyewe kwetu ni wa nadra kuliko Ulaya. Hata hivyo upo, na mgonjwa wa kwetu aweza kuwa nao ilhali kipimo hicho hakionyeshi kitu.

NAMNA YA KUUTAMBUA

Maumivu ya kawaida ya mgongo, yatokanayo na kubeba au kulima, huja ghafla, huzidi kwa kazi na hupungua kwa kupumzika. Haya yetu ni kinyume. Huanza polepole, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 45, na mara nyingi katika ujana. Hudumu zaidi ya miezi 3. Humwamsha mgonjwa usiku wa manane au karibu na alfajiri. Asubuhi mgongo hukakamaa kwa dakika 30 au zaidi, kisha hulegea mtu anapotembea. Maumivu ya matako yaweza kuhama, leo kulia, kesho kushoto. Wengine huumwa visigino, na wengine huingiwa na wekundu wa jicho wenye maumivu na kuogopa mwanga. Wanawake pia huupata, ingawa zamani ulidhaniwa kuwa wa wanaume.

Lakini asitokee mwanachama wa kujipa jina la ugonjwa kwa kusoma makala. Yapo maradhi mengine yanayofanana na haya. Kifua kikuu chaweza kuingia katika uti wa mgongo, na mara nyingi huleta homa, jasho la usiku na kukonda. Brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi au kwa kuwahudumia mifugo wagonjwa, hushambulia viungo hivyo hivyo vya nyonga. Katika sehemu za Arusha na kwingineko penye maji yenye madini mengi ya floridi, mifupa yaweza kukakamaa kwa sababu ya maji hayo. Kila moja lina tiba yake, na ni daktari tu, kwa uchunguzi na picha, awezaye kuyatenganisha.

MAZOEZI NDIYO NGUZO

Wanachama wenye huruma humwambia mgonjwa, "Nenda ukalale, mgongo upone." Kwa ugonjwa huu shauri hilo lina madhara. Kulala mchana kutwa huukaza mgongo na kuudhoofisha mwili. Mgonjwa hana budi kujinyoosha kila siku, hata siku asiyoumwa.

Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, akunje magoti na kuyalaza pamoja upande huu na upande huu, polepole. Maji ya moto ya kuoga, au kitambaa cha moto kiunoni, husaidia kulegeza. Kisha asimame ameupa ukuta mgongo, visigino, matako, mabega na kichwa vikigusa ukuta kadiri awezavyo, ajivute juu na kutulia kidogo. Aweke mikono mbavuni na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa, maana ugonjwa waweza kukaza mbavu na kupunguza pumzi. Mchana au jioni alale kifudifudi juu ya mkeka kwa dakika 15 hadi 20, ili mgongo na nyonga zisizoee kupinda. Usiku alale mahali pagumu kiasi, pasipobonyea, na mto mwembamba. Kutembea ni kuzuri, na kuogelea pia kwa aliye karibu na maji salama.

Sigara aiache kabisa, kwa kuwa huharakisha kuharibika kwa mgongo na kudhuru mapafu. Wala asikubali mtu yeyote ampindue au kumkanyaga mgongo kwa nguvu. Uti uliokwisha kuungana huvunjika kwa urahisi.

DAWA

Dawa za kwanza ni zile za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, diklofenaki na naproksini. Parasetamoli hutuliza maumivu lakini haiondoi uvimbe. Dawa hizi za uvimbe zaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, kwa hiyo zitumiwe pamoja na chakula, kwa kipimo cha daktari, wala zisichanganywe mbili kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, wamweleze daktari kwanza. Kununua vidonge dukani mwezi hata mwezi bila kupimwa ni hatari. Zipo pia dawa mpya za sindano zinazoituliza kinga ya mwili. Ni ghali, hutolewa na madaktari bingwa, na kabla ya kuzianza mgonjwa hupimwa kifua kikuu, kwani zaweza kukiamsha kilicholala.

Jicho likiwa jekundu na kuuma, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Aende pia bila kukawia miguu ikilegea, haja zikimponyoka, au maumivu mapya yakimjia baada ya kuanguka, hata kama alianguka kidogo.

WAJIBU WA CHAMA

Chama hakitibu, lakini chaweza kumwokoa mwanachama asipoteze riziki yake. Katibu aweza kumpangia kazi ianzayo saa 3 badala ya alfajiri. Karani anayeandika stakabadhi aruhusiwe kuinuka na kujinyoosha kila baada ya nusu saa, na meza yake iwe ya kimo kisichomwinamisha. Mwenye mgongo uliokwisha kukakamaa asipewe magunia ya kubeba, bali kazi ya kupima, kuhesabu au kutunza daftari. Shambani, mpini mrefu wa jembe humpunguzia kuinama. Mambo haya hayahitaji fedha za chama, yanahitaji uamuzi wa kamati tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu mara nyingi hafichi. Husema, na haaminiwi, kwa kuwa saa 4 humkuta amesimama wima. Kwa hiyo tunawaomba makatibu waisome makala hii mbele ya mkutano wa wanachama, kwa ajili pia ya wasiojua kusoma. Na endapo yupo mmoja miongoni mwenu anayechelewa kila asubuhi, kabla jina lake halijafikishwa kwenye kamati, aulizwe kwanza jinsi alivyoamka.