Je, Wajua? Zima, Washa: Dawa Iliyofika Mpaka Mwezini

Simu yako ina chaji asilimia ngapi hapo ulipo? Kama ni chini ya 10, soma haraka. Kama imejaa, sogea tukae, maana leo zamu ni ya vile vidude vinavyotutia kisirani kutwa kucha: simu, rimoti, chaja, maneno ya siri na jamaa zao wote.

Tuanze na chaji yenyewe. Simu ya kwanza ya mkononi kuingia madukani, Motorola DynaTAC 8000X ya mwaka 1983, ilihitaji saa 10 kujaa chaji, kisha ikakupa dakika 30 za kuongea. Bei yake? Dola 3,995! Na wewe unanuna kwa sababu betri haikufika magharibi.

Unajua aliyepiga simu ya mkononi ya kwanza alimpigia nani? Martin Cooper alisimama barabarani New York tarehe 3 Aprili 1973, kashika dude la zaidi ya kilo moja. Hakumpigia mke wala mama. Alimpigia Joel Engel, mhandisi wa kampuni pinzani, amringishie tu! Kwa hiyo yule jirani yako anayeweka simu mpya juu ya meza kila mkikaa kahawani anafuata mila ya wakubwa.

Na wale wanaosoma ujumbe wasijibu? Hao nao wana babu yao. SMS ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992: Neil Papworth alimwandikia Richard Jarvis salamu za Krismasi. Jarvis hakujibu neno. Si maringo, maskini: simu yake ilikuwa na uwezo wa kupokea ujumbe, wa kutuma haikuwa nao.

Kwa nini SMS ina herufi 160, si 150 wala 200? Shika hili. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake Bonn na taipureta, akawa anaandika sentensi za kubahatisha na kuzihesabu herufi. Karibu zote ziliishia chini ya 160, akaona panatosha! Kwa uamuzi huo wa mtu mmoja na taipureta yake, kizazi kizima cha Waswahili kikajifunza kuandika "cjui", "m2 wangu" na "2taonana kexho". Angepiga hesabu hizo na shangazi yangu wa Tanga, ambaye salamu peke yake ni ukurasa, leo SMS ingekuwa na herufi 1,600.

Lakini kuna mtego humo, na wengi hatuujui. Ukichomeka kikatuni kimoja tu cha kucheka kwenye SMS ya kawaida, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70! Ujumbe uliodhani ni mmoja unahesabiwa miwili au mitatu, na salio linayeyuka. Kicheko cha gharama hicho.

Sasa tuje kwenye bipu. Ile simu inayolia mara moja na kukatika, "nipigie wewe mwenye hela", haina gharama kwa sababu mtandao hutoza pale tu simu inapopokelewa. Huko Afrika Kusini, Novemba 2000, mfanyakazi kijana wa Vodacom aitwaye Nkosana Makate alipeleka wazo kazini kwao: asiye na salio atume ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Huduma ikaanza mwaka uliofuata, ikapendwa, na Makate akadai chake. Unadhani alisubiri muda gani? Mwaka 2016 ndipo Mahakama ya Katiba ilipokubali kwamba kampuni inafungwa na ahadi ya malipo aliyopewa! Miaka 15 na ushee, kwa ajili ya "tafadhali nipigie".

Umewahi kubonyeza nyota mia hamsini nyota utume pesa, ukafika mahali pa kuandika kiasi, ukasita kidogo kukumbuka namba, na menyu ikatoweka? Hukukosea. Zile menyu hazihifadhiwi popote. Ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya laini yako na mtandao, yenye nafasi ya herufi 182 tu kwa kila ukurasa. Ukinyamaza, wenzako wanakata. Hawana subira ya kukungoja umuulize mama namba ya wakala.

Hebu fanya jambo moja sasa hivi. Fungua mahali pa kupigia simu, kisha fungua kikokotoo. Umeona? Kwenye simu 1, 2, 3 zipo juu. Kwenye kikokotoo zipo chini, na juu wamekaa 7, 8, 9! Simu moja, mipangilio miwili. Wahandisi wa Bell Labs waliwajaribisha watu mipangilio mingi kabla ya simu za vitufe kuanza mwaka 1963, wakachagua wa kwao, na kikokotoo kikabaki na wa kwake. Zaidi ya miaka 60 sasa, vidole vyetu vinagongana njiani.

Flashi nayo. Unaichomeka, inagoma. Unaigeuza, inagoma. Unairudisha ulivyoanza, inaingia! Ajay Bhatt, aliyeongoza kazi ya kubuni USB pale Intel miaka ya 1990, amekiri kwamba tundu la kuingia pande zote mbili lingehitaji nyaya maradufu na gharama maradufu. Wakabana matumizi, mateso tukayarithi sisi. Tundu jipya lisilochagua upande lilikuja mwaka 2014, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kila simu mpya inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima iwe nalo. Lile droo lako la chaja 11 zisizoingia popote usilitupe bado, lakini.

Rimoti! Hapa nina kisa, maana kwetu betri za rimoti zilianikwa juani pamoja na dagaa. Rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic ya mwaka 1955, ilikuwa kama tochi: unaimulika televisheni kwenye kona, chaneli inabadilika. Kilichoiponza ni jua. Mwanga wa dirishani ukipiga kwenye kioo, televisheni inajibadilishia chaneli yenyewe! Mwaka uliofuata ikaja Space Command, na hii haikuwa na betri hata moja. Ndani mlikuwa na kinyundo kinachogonga vipande vya alumini, vikitoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii ila televisheni inausikia. Hakuna cha kuanika.

Na yako ikigoma leo, usiigonge kwanza kiganjani. Ielekeze kwenye kamera ya simu, ya mbele hasa, ubonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka, mwanga ambao macho yako hayauoni kabisa! Kikiwaka, rimoti ni nzima na mgonjwa ni televisheni.

Kioo cha simu hakijali nguvu ya kidole chako. Kinahisi kitu kinachopitisha umeme, kama mwili wako. Ndiyo maana ukucha unagonga bure, na ndiyo maana ndizi mbivu inaweza kufungua simu! Jaribu. Ifute baadaye.

Bluetooth ni jina la mfalme: Harald Blåtand wa Denmark, yaani "Jino la Bluu", aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kuwaunganisha watu waliokuwa wakizozana. Ile alama yake ni herufi mbili za kale za huko, H na B, zilizopandana. Spika ikikataa kuungana na simu, tayari unaye wa kumlalamikia.

Maikrowevu ilizaliwa na pipi. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer alisimama karibu na mtambo wa rada akakuta chokoleti mfukoni imeyeyuka. Mashine ya kwanza iliyotokana na mfuko huo mchafu, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa kilo 340! Na mpaka leo inatumia masafa yaleyale ya Wi-Fi nyingi, kwa hiyo ukipasha wali, video chumbani inaweza kukwama. Wa kulaumiwa ni wali.

Nani alituambia neno la siri lazima liwe na herufi kubwa, namba na alama ya mshangao? Bill Burr, Mmarekani, aliandika mwongozo huo mwaka 2003. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, akasema anajutia mengi aliyoyaandika! Asante, mzee. Mimi langu nimeshalisahau mara tatu mwaka huu, pamoja na ile alama ya mshangao.

Tarehe 9 Septemba 1947, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard iligoma, na mafundi walipoifungua wakamkuta nondo amenasa ndani. Nondo mdudu wa taa, si chuma cha ujenzi! Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na yupo hadi leo kwenye jumba la makumbusho Washington.

Intaneti ikizembea tunatazama juu, kwenye mnara. Tazama chini, baharini! Karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya mabara hupita kwenye nyaya zilizolala sakafuni mwa bahari, nyingi nene kama mpira wa kumwagilia bustani. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa namna hiyo hata mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 mbili zilikatika kwa mpigo upande wa Afrika Kusini, EASSy na Seacom, na kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi watu wakawa wanazima simu na kuwasha.

Usiwacheke. Kuzima na kuwasha ndiko kulikomfikisha mtu mwezini! Tarehe 20 Julai 1969, dakika chache kabla ya Armstrong na Aldrin kutua, kompyuta yao ilipiga kelele ya hatari namba 1202: imezidiwa na kazi. Ikajiwasha upya yenyewe, ikatupa kazi ndogo ndogo, ikabaki na zile muhimu za kuwatua. Ilifanya hivyo zaidi ya mara moja, jamaa wakiwa hewani! Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa takribani kilobaiti 4. Picha moja ya ubwabwa kwenye WhatsApp haiingii humo.

Bonyeza *#06#. Namba 15 zitakazotokea ni kitambulisho cha simu yako. Kwa namba hizo Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikazizima usiku wa manane wa tarehe 16 Juni 2016. Watu waliamka wameshika vioo vya kujitazamia.

La mwisho nalo ni la saa. Vifaa vingi vya zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kihesabio chao hujaa kikifika 2,147,483,647. Wimbo wa "Gangnam Style" uliifikisha YouTube kwenye namba hiyohiyo mwaka 2014, ikabidi waongeze nafasi! Kwenye saa, kitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, chai ikiwa jikoni. Kifaa kitakachokuwa hakijarekebishwa kitaamini ghafla kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, mwezi uleule reli kutoka Mombasa ilipolifikia Ziwa Victoria. Kikikuambia uwahi treni, usikigombeze.