Ukaguzi na Ukarabati wa Mfumo wa Faili: Mafunzo kwa Hifadhi za Kumbukumbu za Kidijitali

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu za kukagua mfumo wa faili zinavyofanya kazi, kwa kutumia mfano wa e2fsck katika Linux. Hoja yake kuu ni kwamba programu hizo hurejesha upatanifu wa muundo wa diski, wala si yaliyomo ndani ya faili. Taasisi inayozitumia kama njia ya kuokoa data inaweza kuharibu kilichokuwa bado salama.

1.0 Utangulizi

Diski ya kompyuta haijui faili ni nini. Inachokijua ni vipande vya nafasi vyenye namba, navyo huitwa bloku. Kinachozifanya bloku hizo zionekane kama faili zenye majina, ukubwa na wenyewe ni mfumo wa faili, yaani utaratibu wa hesabu uliohifadhiwa ndani ya diski ileile. Aya moja inapoongezwa kwenye waraka, mahali kadhaa panapaswa kubadilishwa: bloku yenye maneno, inodi inayotaja ukubwa wa faili na mahali bloku zake zilipo, na ramani inayoonyesha bloku zipi zimekwisha kutumika. Umeme ukikatika baada ya badiliko la kwanza na kabla ya la mwisho, hesabu hizo hazitalingana. Katika ofisi ambazo umeme hukatika bila taarifa, jambo hili si la nadra.

2.0 Jinsi ukaguzi unavyofanyika

Programu ya fsck iliandikwa na T. J. Kowalski kwa ajili ya Unix mwishoni mwa miaka ya 1970, na msingi wake haujabadilika sana. e2fsck, inayohudumia mifumo ya ext2, ext3 na ext4, hupitia hatua 5. Hatua ya kwanza ndiyo nzito: kila inodi husomwa, na bloku zake huhesabiwa, ili ibainike kama kuna bloku inayodaiwa na faili mbili. Hatua ya pili hukagua saraka, na ya tatu huhakikisha kwamba kila saraka inafikika kutoka kwenye mzizi. Katika hatua ya nne idadi ya majina yanayoelekeza kwenye kila inodi hulinganishwa na idadi iliyoandikwa ndani ya inodi yenyewe. Hatua ya mwisho husahihisha ramani za matumizi.

Kabla ya hayo yote, programu huhitaji bloku kuu, yaani ile inayoeleza umbo la mfumo mzima. Ikiwa imeharibika, nakala zake zipo kwingineko: katika mfumo wa ext4 wenye bloku za baiti 4,096, nakala ya kwanza kwa kawaida huwa kwenye bloku namba 32768. Mafundi wengi hufomati upya diski ambayo ingeweza kufunguliwa kwa nakala hiyo.

Jambo linalowahusu zaidi watunzaji wa kumbukumbu limo katika hatua ya nne. Jina la faili halikai ndani ya inodi. Hukaa ndani ya saraka. Saraka ikiharibika, faili hubaki nzima lakini halina jina. e2fsck hulihamishia kwenye saraka maalumu iitwayo lost+found na kulipa namba ya inodi, kwa mfano #393218, liwe jina lake. Kwa mhandisi, hilo ni faili lililookolewa. Kwa hifadhi ya rekodi za masimulizi, ambamo jina la faili ndilo pekee linalotaja msimulizi, mahali na tarehe, ni sauti ya mtu asiyejulikana. Orodha ya majina pamoja na alama-hakiki za yaliyomo, ikitunzwa nje ya diski hiyo, ndiyo inayoweza kurudisha kila rekodi kwenye jina lake.

3.0 Mipaka ya daftari la mabadiliko

Mfumo wa ext3, ulioingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001, ulileta daftari la mabadiliko: badiliko huandikwa kwanza daftarini, kisha mahali pake. Baada ya ajali, kinachosomwa ni daftari badala ya diski nzima, na kazi ya saa nyingi huisha kwa sekunde. Hata hivyo, kwa mpangilio wa kawaida daftari hilo hulinda hesabu za mfumo tu. Halimlindi mtumiaji dhidi ya diski inayochakaa, wala dhidi ya baiti zilizobadilika ndani ya picha au sauti.

4.0 Utaratibu unaofaa

Kosa kubwa ni kuendesha ukarabati juu ya diski inayokufa. Ukarabati ni uandishi, na kila uandishi ni nafasi ya kupoteza. Kwanza diski inakiliwe nzima kwa chombo kama GNU ddrescue, ambacho huchukua sehemu rahisi kwanza na kuacha zilizoharibika hadi mwisho. Kisha nakala hiyo ikaguliwe kwa chaguo la -n, ambalo halibadilishi chochote, na ripoti isomwe na mtu. Chaguo la -y, linalokubali kila pendekezo, ni la haraka mno kwa diski isiyo na nakala nyingine. Tena, mfumo wa faili usikarabatiwe ukiwa unatumika.

Sera za taasisi zidai pia kuhifadhiwa kwa namba ambayo programu hurudisha inapomaliza: 0 ikimaanisha hakuna kosa, 1 makosa yamesahihishwa, 4 yamebaki. Lakini namba hiyo isomwe pamoja na aina ya mfumo. Katika XFS, amri ya fsck kwa kawaida hurudisha 0 bila kukagua chochote, kwa kuwa kazi hiyo imeachiwa xfs_repair. Ripoti safi ya seva ya namna hiyo haithibitishi lolote.