Timu Hupimwa kwa Siku Ngapi?



Hapa shuleni kriketi huchezwa kwa ova 20. Mchezo huanza baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kengele ya jioni tumekwisha kujua nani wa kubebwa mabegani na nani wa kuchekwa bwenini. Walakini iko kriketi nyingine, kubwa kuliko hiyo, ambayo mashabiki wake hubishana kwa majuma na miezi. Nataka kuwaeleza habari za mabishano ya namna hiyo, kwa kuwa yalinifundisha jambo nisilolijua, nami nilikuwa miongoni mwa waliokosea.

Kriketi hiyo huitwa testi. Mechi moja huweza kuchukua siku 5, na kwa kawaida kila siku hutupwa ova 90, yaani mipira 540. Kila timu huwa na zamu 2 za kupiga, na zamu huisha wapigaji 10 wanapotolewa. Hakuna hesabu ya ova inayomfukuza mpigaji. Akiweza kulinda vijiti vyake atakaa hata kutwa. Siku 5 zikiisha, na timu iliyo nyuma bado haijatolewa yote katika zamu yake ya mwisho, mechi ni sare, hata kama imeachwa mbali sana kwa mikimbio. Kwa hiyo katika testi kuna mali za aina mbili: mikimbio, na wakati. Shabiki mgeni huiona ile ya kwanza tu. Tena mechi hizo hufuatana 2, 3, 4 au 5 kati ya nchi mbili, zikawa mfululizo mmoja. Nchi zinazocheza testi za wanaume ni 12 tu, na Uganda yetu haimo.

Mwisho wa mwaka 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nilikuwa na miaka 14, nikapata kazi ndogo ya kupima sukari na kupanga mikate katika duka moja mjini Jinja. Mwenye duka alikuwa mzee ambaye ukoo wake ulitoka Rajkot, katika jimbo la Gujarat huko India. Kila siku alitembelewa na rafiki yake, fundi wa saa, aliyekuwa na meza yake barazani. Sisi sote tuliwaita Mzee na Fundi. Wote wawili waliipenda timu ya India, lakini sijapata kuwasikia wakikubaliana juu yake.

Jumamosi, tarehe 19 Desemba, saa moja asubuhi kwa saa zetu, televisheni ya dukani ilikuwa ikionyesha siku ya tatu ya mechi ya kwanza ya Australia na India mjini Adelaide. India walikuwa mbele kwa mikimbio 62, na wiketi 9 zilibaki. Sijamaliza gunia moja la sukari, zamu yao ikawa imekwisha kwa mikimbio 36! Hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika 10. Josh Hazlewood aliwatoa watu 5 kwa mikimbio 8 tu, na mpigaji wa mwisho, Mohammed Shami, aliumizwa mkono na mpira asiweze kuendelea. Tangu India waanze kucheza testi hawakuwahi kupata zamu ndogo kama hiyo; ya chini kabisa kabla yake ilikuwa 42, waliyoipata Lord's, London, mwaka 1974. Siku hiyohiyo Australia wakashinda kwa wiketi 8.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Fundi alitamka kwamba timu imekufa, na kwamba mechi zote 4 zitapotea. Hakuwa peke yake, maana hata Michael Vaughan, nahodha wa zamani wa Uingereza, alitabiri hadharani kuwa India watashindwa 4 kwa 0. Juu ya msiba huo nahodha wao, Virat Kohli, alikuwa anakwenda nyumbani, kwa ruhusa aliyokwisha kupewa mapema, ili awe na mkewe wakati wa kuzaliwa mtoto wao wa kwanza.

"Nahodha haachi chombo katika tufani," alisema Fundi.

"Mtoto wa kwanza huzaliwa mara moja, Bwana Fundi," alijibu Mzee. "Testi zitakuwako mwakani."

Kisha lawama zikamwangukia Cheteshwar Pujara. Katika zamu ya kwanza pale Adelaide alikuwa amepokea mipira 160 akapata mikimbio 43 tu. Fundi akasema, "Chelewachelewa utakuta mwana si wako." Mzee akamrudishia, "Papo kwa papo kamba hukata jiwe." Mimi nilikuwa upande wa Fundi kabisa. Pujara naye ni mtu wa Rajkot, nikadhani Mzee anamtetea jirani.

Mzee alitukumbusha kwamba safari iliyotangulia, mwaka 2018 na 2019, India waliushinda mfululizo katika nchi ya Australia kwa mara ya kwanza katika historia, na aliyetangazwa mchezaji bora wa mfululizo ule alikuwa Pujara huyuhuyu, kwa mikimbio 521 iliyopatikana polepole vilevile. Wakati ule watu walimwita mwamba. Sasa walimwita kobe. Fundi naye hakukosa jibu. Alisema kwamba safari ile Australia walicheza bila Steve Smith na David Warner waliokuwa wamefungiwa, na sasa wamerudi. Nakiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito.

Basi Mzee akafungua daftari lake la madeni, akanipa kalamu, akasema, "Kijana wangu, kila mtu anaandika mikimbio. Wewe niandikie mipira."

Mechi ya pili ilichezwa Melbourne kuanzia tarehe 26 Desemba. Ajinkya Rahane, aliyeshika unahodha badala ya Kohli, alipiga mikimbio 112, na India wakashinda kwa wiketi 8. Siku hizo akaonekana kijana mpya, Mohammed Siraj wa Hyderabad, mtoto wa dereva wa bajaji. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Novemba, Siraj akiwa tayari Australia. Naye alichagua kubaki na timu, asiweze kuhudhuria maziko. Fundi alipomsifu kwa hilo, Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yule aliyekwenda kwa mtoto na huyu aliyebaki na msiba wote wawili wamebeba mizigo yao, na sisi tulio barazani hatuna mizani ya kuipimia.

Mechi ya tatu, Sydney, mwezi wa Januari 2021, ndiyo iliyonigeuza. Katika zamu ya kwanza Pujara alitumia mipira 176 kupata mikimbio 50, na lawama zikazidi. Ricky Ponting, aliyekuwa nahodha wa Australia zamani, alisema kuwa uchezaji ule unawaelemea wenzake. Siku ya nne Siraj alimlalamikia mwamuzi kuwa watazamaji wanamtukana. Mchezo ukasimamishwa, na baadaye chama cha kriketi cha Australia kikakubali kwamba wachezaji wa India walitukanwa kwa ajili ya rangi yao. Huo ndio ushabiki uliooza.

Hatimaye India wakatakiwa kupata mikimbio 407 ili washinde, au kukaa mpaka jua litue siku ya tano ili wapate sare. Rishabh Pant alipiga 97 kwa nguvu, Pujara akapata 77 kwa mipira 205. Kisha wakabaki Hanuma Vihari, aliyeumia msuli wa paja hata kukimbia hawezi, na Ravichandran Ashwin, aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Wawili hao walikaa zaidi ya ova 42. Vihari alipokea mipira 161 akapata mikimbio 23. Mtu asomaye gazeti kesho yake angecheka: mikimbio 23! Lakini mechi ikawa sare, na daftari la Mzee likaonyesha kuwa Australia walitupa ova 131 katika zamu ile moja.

Sasa angalieni hesabu iliyofuata. Mechi ya nne, Brisbane, ilianza baada ya mapumziko ya siku 3 tu. Australia waliwaleta watupaji walewale wanne waliocheza mechi zote: Starc, Cummins, Hazlewood na Lyon. India kwa upande wao walikuwa na wagonjwa wengi mno, hata katika mfululizo mzima walitumia wachezaji 20. Watupaji wao watano wa Brisbane, wote pamoja, walikuwa wamecheza testi 4 tu kabla ya siku ile, hali Lyon peke yake alikuwa amecheza 99. Tena katika kiwanja kile, kiitwacho Gabba, Australia hawakuwa wameshindwa testi tangu mwaka 1988.

Siraj aliwatoa watu 5 katika zamu ya pili ya Australia. Siku ya mwisho, tarehe 19 Januari, ikawa India wahitaji jumla ya mikimbio 328. Shubman Gill alipiga 91. Pujara alisimama upande wa pili, akipigwa na mpira mwilini, vidoleni na kwenye kofia ya kinga, asiondoke. Alipokea mipira 211 akapata 56. Alipotolewa, India walibakiza mikimbio 100 na ova zisizofika 20, na watupaji wa Australia walikuwa wametupa tangu asubuhi. Ndipo Pant alipowavamia. Alipata 89 bila kutolewa, na India wakashinda kwa wiketi 3, zikiwa zimebaki ova 3. Saa zetu zilikuwa zimepita saa nne asubuhi. Fundi aliacha saa ya mteja wazi mezani, akaja kumkumbatia Mzee.

Nilijumlisha daftari. Pujara: mikimbio 271, mipira 928. Kama kila mpira ni jiwe analopewa mtupaji alibebe, basi mtu huyu aliwabebesha Australia mawe 928. Mimi naamini kwamba Pant aliwakuta watupaji waliokwisha kuchoka, na aliyewachosha ni yule tuliyemcheka.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba kila aangukaye huinuka. Mwezi wa Oktoba 2024, mjini Bengaluru, India walitolewa kwa mikimbio 46 na New Zealand. Nilikuwa likizo Jinja tena baadaye, nikamsikia Fundi akisema alitazamia yatokee yale ya Brisbane. Hayakutokea. India walishindwa mechi zote 3, katika nchi yao wenyewe. Zamu ya 36 ilifuatwa na ushindi, zamu ya 46 ikafuatwa na aibu. Basi tarakimu peke yake haina ulimi. Mzee alikubali hivyo pia, ingawa kwa shida.

Sisi Waganda tuna yetu. Mwezi wa Juni 2024 timu yetu ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza. Huko Guyana ilitolewa na West Indies kwa mikimbio 39, na hapa shuleni hiyo 39 imekuwa jina la mzaha. Wachache hukumbuka kwamba siku chache kabla yake, katika kiwanja hichohicho, Uganda iliishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alitupa ova 4 akatoa mikimbio 4 tu. Na Riazat Ali Shah alipata mikimbio 33 kwa mipira 56, ambao ni mwendo wa kobe katika mchezo wa ova 20. Lakini timu ilihitaji mikimbio 78 tu, na wiketi zilikuwa zikianguka ovyo. Bila kobe huyo tusingefika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, muhula ujao tukikaa chini ya miti kutazama mechi, tupige kelele, maana kriketi bila kelele haina ladha. Ila kabla ya kumzomea mtu tujiulize: timu ilihitaji nini saa ile, mikimbio au wakati? Nani alikuwa mgonjwa? Na baada ya yeye kuondoka, nani alifaidi kazi yake? Mchezaji akikosa majibu ya maswali hayo, mlaumuni. Ama mimi, muhula uliopita nilimzomea mwenzetu mmoja aliyekaa ova 8 kwa mikimbio 9, na wenzake wawili wakashinda mechi baada yake. Bado sijamwomba radhi. Akiisoma karatasi hii, na ajue ni yeye ninayemsema.